Anza na Kiota

Nkwenda, Kyerwa
Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako hajambo ila magoti, na ameniagiza nikukumbushe sweta, maana anaamini baridi ya mtoni ikishaingia mifupani haitoki. Sisi wengine tu wazima. Masika yameshika vizuri mwaka huu, maharage yamesimama, na kahawa ya bondeni imeanza kubadilika rangi.

Nimefurahi kusikia umepangiwa kuongoza wageni huko hifadhini Ibanda. Furaha yenyewe ni kubwa kuliko ninavyoweza kuiandika kwa kidole kwenye simu, ndiyo maana nimechukua karatasi, na barua hii nitampa dereva wa gari la Murongo. Halafu nimelicheka lile la mgeni wako. Mnatafuta nyamera, yeye anasimamisha gari kwa ajili ya ndege wa manjano kwenye matete. Anakuuliza ni nani yule, unamjibu ni kwera. Anauliza kwera yupi, unanyamaza. Sasa unaniuliza mimi ununue kitabu gani chenye picha.

Kitabu nunua, sikukatazi. Ila ujue mapema kwamba ukikifungua utakuta kurasa kadhaa za ndege wa manjano wenye weusi usoni, wote wamegeuzwa upande mmoja kama watu waliopangwa foleni kupigwa picha za pasipoti, na chini yao majike waliopauka ambao hata waliozeeka katika kazi hiyo hubishana juu yao. Mvua zikikatika madume wengi nao hupoteza rangi wakafanana na majike, na hapo ubishi huanza upya. Mimi nimetembea mashamba ya Karagwe na Kyerwa maisha yangu yote ya kazi, tangu zilipokuwa wilaya moja kabla ya kugawanywa mwaka 2012, na njia niliyoiona inafaa ni kuanza na kiota. Kiota hakiruki ukikikaribia. Hakibadilishi manyoya. Mwenyewe akiondoka, kinabaki kinaning'inia pale, na ukikisoma vizuri kitakuambia si jina lake tu, kitakuambia anakula nini na anaishi vipi na mke wake. Mgeni anayesimamisha gari kwa ndege mdogo atapenda zaidi habari hiyo kuliko jina.

Ukoo wenyewe ni mkubwa. Una aina zaidi ya 110, karibu wote wako Afrika kusini ya Sahara, wachache wako Asia na kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi. Humo wamo kwera wenyewe wanaosuka, wamo kweche wa kwenye majani marefu, yumo kwelea anayelaaniwa na wakulima, na wamo pia ndugu zao wa nchi kavu, kule Serengeti na kwingineko, wasiosuka kabisa. Wao hulundika nyasi kavu juu ya mti wa miiba wakazipenyezea tundu. Hao wa mwisho waache, hawakuhusu kwa sasa.

Tuanze na hawa wa nyumbani, maana umekua chini yao. Wale wa kwenye mkaratusi ulio nyuma ya jiko la bibi yako ni kwera wa vijijini. Dume ana kichwa cheusi, jicho jekundu, kifua cha manjano, na mgongo uliochanganyika manjano na weusi. Kelele zao unazijua, zilikuwa zinakuamsha kwenda shule. Hawapendi msitu. Wanapenda mti uliosimama wazi karibu na watu, na wana akili katika hilo: palipo na watu, moshi na mbwa, nyani hapiti ovyo na mwewe husita.

Ukija likizo, keti kwenye kigoda pale nje ya jiko asubuhi mapema, chagua dume mmoja, umfuate yeye tu. Usihangaike na wengine, watakuchanganya. Atashuka kwenye mgomba. Atauma ukingo wa jani, aukate kidogo kwa mdomo, kisha aushike na kuruka. Jani linachanika kwa mwendo wake, naye anaondoka na utepe wa kijani unaomfuata nyuma. Matete na majani ya mitende anayatumia vilevile. Lakini lazima yawe mabichi, kwa sababu jani kavu halikubali kupinda.

Akifika tawini anaubana utepe kwa mguu, anapitisha ncha kwa mdomo, anaizungushia kijiti, anaivuta na kuichomeka upande wa pili. Kwanza hutengeneza pete iliyosimama wima, naye mwenyewe kasimama ndani yake, mguu huku na mguu kule. Kuanzia hapo hageuki tena. Anasuka mbele yake mpaka mdomo unapofika, na huo ndio ukubwa wa chumba cha mayai. Kipimo chake ni mwili wake. Kisha, akiwa bado anatazama mbele, anajinyoosha kinyumenyume kupitia juu ya kichwa chake, anasuka ukumbi wa nyuma, na mwisho anauacha mlango ukitazama chini. Fundi seremala anayejenga nyumba bila kugeuza uso simjui, lakini ndege huyu anafanya hivyo kila masika na hakuna anayempa cheti.

Ganda likiisha, anajitundika mlangoni kichwa chini, anafungua mabawa na kuyapigapiga ili manjano ya chini yaonekane, huku akipiga kelele. Jike anapita. Anaingia, anavutavuta nyuzi kwa mdomo kupima, anatoka. Akikubali, yeye ndiye atakayetandika ndani kwa majani laini. Akikataa, haelezi kwa nini, anakwenda kukagua kwa jirani. Na muda haumsubiri dume: kijani kikishafifia kuwa kahawia, majike hawaitaki nyumba hiyo. Hapo utamwona akiifumua kwa mdomo wake mwenyewe, uzi kwa uzi, na mara nyingi akaanza nyingine palepale. Akipata jike wa kwanza anajenga tena kumwita wa pili, na msimu mmoja dume hodari anasuka viota vingi sana.

Walikuwapo mume na mke Wamarekani, Nicholas na Elsie Collias, waliowatazama kwera hawa miaka mingi, Afrika na pia kwenye vizimba huko Los Angeles. Waliwanyima baadhi ya madume wachanga majani ya kuchezea. Walipokomaa wakapewa majani, walisuka vibaya na polepole kuliko wenzao waliokua wakichezea majani tangu udogoni. Kwa hiyo ukiona pembeni mwa mti kiota cha ovyo, nyuzi zimetoka kila upande, umbo halieleweki, usiseme ni aina nyingine ya kwera. Ni kijana anajifunza kazi.

Hapa nikueleze jambo la nyumbani. Mjomba wako mkubwa anataka mkaratusi ule ukatwe. Hoja yake ni kwamba kwera wanamaliza migomba. Nimemwambia: kuchana wanachana, na ile migomba michache iliyo jirani na mti inabaki na uti mtupu, hilo silikatai. Lakini upepo wa kiangazi unachana majani ya kibanja kizima na ndizi tunakula. Kinachoua migomba Kagera ni mnyauko wa bakteria, ulioingia mkoani katikati ya miaka ya 2000, na huo unaenea zaidi kwa panga lisilosafishwa na kwa wadudu wanaotembelea ua dume. Panga lake mwenyewe sijawahi kuona akilipitisha kwenye moto. Kwa mawazo yangu shida si kwera, ni bei ya nguzo, na kama ni nguzo basi aseme nguzo.

Mahali kwera anapotuumiza kweli ni kwenye mtama. Yule anayetaka mtama wa pombe ya lubisi lazima aweke watoto wa kuamia tangu punje zinapokuwa na maziwa, asubuhi na jioni, tena wenye kombeo. Hilo babu zetu walilijua, ndiyo maana dungu lilijengwa shambani kabla ya mtama kuchanua. Lakini makinda hayalishwi mtama. Jike anawaletea wadudu, viwavi na panzi, na hao anawatoa kwenye maharage na mahindi yaleyale ya mjomba wako mkubwa.

Chini ya mkaratusi kuna somo jingine ambalo nadhani litawafurahisha wageni wako. Okota maganda ya mayai yaliyoanguka. Utapata jeupe tupu, utapata la buluu, utapata la kijani lenye madoa ya kahawia. Mtu asiyejua atasema mti una ndege wa aina nyingi. Hapana, ni walewale. Kila jike ana rangi yake na madoa yake, naye hutaga hivyo hivyo maisha yake yote. Sababu yake ni kekeo mmoja mdogo, mwenye mgongo wa kijani kinachometameta na shaba, na kifua cheupe kwa dume. Utamsikia wakati wa mvua akirudia mlio mkali unaopanda, kama di-di-di-dideriki. Huyo hajengi. Anavizia kiota cha kwera, anapenyeza yai lake, na kinda lake likianguliwa linayasukuma nje mayai ya mwenye nyumba na kulelewa peke yake. Kwera wamejibu kwa kutofautiana. Jike anaijua rangi yake, akikuta yai geni analitupa. Na kekeo hawezi kuiga rangi za mji mzima kwa wakati mmoja.

Tunajuaje kwamba ni kekeo aliyesababisha? Kwera hawa walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi hadi kisiwa cha Hispaniola, kule Karibi, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Kule kekeo huyu hayupo. Mtafiti David Lahti alilinganisha mayai, akachapisha matokeo mwaka 2005: mayai ya majike mbalimbali yalikuwa yamekaribiana rangi, na mayai ya jike mmoja katika kiota kimoja yalikuwa hayafanani tena sawasawa. Ulinzi umelegea kwa sababu mwizi hayupo. Mwambie mgeni habari hiyo huku umeshika ganda la yai mkononi, uone kama atakumbuka tena nyamera.

Sasa toka kwenye kelele, shuka kwenye kijito au ukingo wa msitu. Ukiona kiota kimoja, peke yake, kimetundikwa kwenye ncha ya kitawi chembamba, kimesukwa kwa nyuzi laini hata mwanga unapenya, na kina bomba linaloning'inia refu kuliko hata kiota chenyewe, usitafute kundi. Hakuna. Huyo ni kwera mwenye mstari mweusi unaopita jichoni, ambaye watu wa vitabu wamemwita mwenye miwani. Anaishi na mke mmoja, wanazunguka pamoja, na mara nyingi utawasikia wakiitana vichakani kabla hujawaona. Chakula chao ni wadudu wanaochokolewa chini ya majani na kwenye magome. Bomba lile ni kinga dhidi ya nyoka. Nyoka anayekula mayai anaweza kushuka kwenye kitawi, lakini kuligeukia bomba jembamba linalocheza hewani na kulipanda kutokea chini ni kazi nyingine.

Huku milimani kwetu, bustanini na kwenye mashamba ya kahawa, yupo mwingine anayeishi wawiliwawili vilevile, mwenye kofia nyeusi na kifua cha manjano. Kiota chake hakina bomba, na kimefichwa ndani ya majani, hakikutundikwa hadharani. Watu wengi wa Karagwe wanamwona kila siku na kudhani ni yule wa mkaratusi aliyepotea njia.

Kwa nini mmoja ana mji mzima na wake wengi, na mwingine ana mke mmoja na utulivu? Mwingereza John Crook alilitafakari swali hilo, na mwaka 1964 akatoa kazi iliyobadilisha namna wataalamu wanavyotazama ndege. Jibu lake liko tumboni. Mla wadudu wa msituni anapata chakula kidogo kidogo, kimefichika, kimetawanyika; anahitaji eneo lake mwenyewe, na makinda hayashibi bila baba na mama kuhangaika pamoja. Mla mbegu wa nchi ya wazi anakuta chakula kingi mahali pamoja, leo hapa kesho kule, hakigombaniwi. Lakini miti salama ni michache. Basi wote wanarundikana kwenye mti huo, na kwa kuwa jike anaweza kulisha makinda karibu peke yake, dume anabaki na nafasi ya kujenga na kuita. Kwa hiyo ukiona kiota cha peke yake fikiria mdudu na ndoa ya wawili. Ukiona mti uliojaa viota, fikiria mbegu, wake wengi na ugomvi. Sheria hiyo ina wakaidi wake, lakini itakubeba mbali.

Mkaidi mmojawapo anaishi kwako. Utajiri wa Ibanda, kwa upande wa ukoo huu, haupo kwenye nyika unakopeleka gari, upo kwenye mafunjo na matete ya Mto Kagera. Humo wamo kwera mdogo mwenye mdomo mwembamba, ambaye ni mla wadudu ingawa anakaa kwenye kinamasi kilicho wazi, na kwera mwenye uso na koo la kahawia, mwenyeji wa mafunjo ya nchi hizi zinazozunguka Ziwa Victoria. Lakini mimi ningekushauri uanze na yule mwenye mdomo mnene. Dume ni wa kahawia iliyoiva, ana vipande vyeupe kwenye paji la uso, na mdomo wake unaonekana umeazimwa kwa ndege mkubwa kuliko yeye. Mdomo ule ni wa kuvunjia mbegu ngumu, na ungetegemea kazi ya mikono mizito. Nenda ukaangalie kiota chake. Hakikutundikwa kwenye tawi; kimefungwa kati ya mashina ya matete yaliyosimama, mlango ubavuni kwa juu, na ufumaji wake ni mwororo, wa nyuzi nyembamba sana, huoni uzi uliotoka nje. Katika ukoo mzima, kwa waliopo kwetu, huyu ndiye namweka wa kwanza kwa usanii. Wale wa mkaratusi wana bidii zaidi kuliko ustadi.

Pembeni ya mafunjo, kwenye majani marefu, utakutana na kweche. Wakati wa mvua dume wa kweche mwekundu amevimba manyoya, anapepea polepole juu ya eneo lake, na utamwona kutoka mbali. Mwenzake mweusi mwenye bega jekundu na mkia mpana anapenda palepale penye unyevu. Njoo Agosti uwatafute: utakuta vindege vya kahawia vyenye michirizi, na mgeni atakuuliza wale wekundu wamehamia nchi gani. Hawajahama.

Usidhani kila kitu kwenye vinamasi hivi kimeshaandikwa. Kule bonde la Kilombero, karibu na Ifakara, mahali ambapo wavuvi na wakulima wa mpunga wamepita vizazi na vizazi, kuna kwera aliyekuwa hajulikani kwa sayansi hata kidogo. Alitangazwa rasmi mwaka 1990. Hapatikani popote duniani nje ya bonde hilo. Nami siamini kwamba mafunjo ya Kagera yametazamwa kwa makini kuliko yale ya Kilombero.

Wageni wenye vitabu watakuuliza pia kuhusu Speke, yule msafiri Mwingereza, jiandae. Alifika Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, akapokewa na Omukama Rumanyika, ambaye ile hifadhi jirani yenu iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 pamoja na Ibanda imepewa jina lake. Yupo kwera anayeitwa kwa jina la Speke, lakini usihangaike kumtafuta Kyerwa. Makazi yake ni Somalia, Ethiopia, Kenya na kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Huku kwetu Speke kaachiwa nzohe, yule mnyama wa kinamasi, ambaye jina lake la kisayansi linamtaja yeye. Rumanyika, aliyekuwa na nzohe hao nchini mwake miaka yote, hakupewa hata shomoro. Mwambie mgeni hilo kwa tabasamu.

Nimemwacha kwelea mwisho kwa sababu yeye ndiye anayewaponza wengine. Huyu ni ndege mdogo wa kahawia mwenye mdomo mwekundu, na wataalamu wanamhesabu kuwa ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Makadirio yanapita bilioni moja. Kila mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, hesabu iliyobaki ifanye mwenyewe. Viota vyake ni vidogo, vya haraka, mamia kwenye mti mmoja wa miiba, na kundi zima linataga karibu siku zilezile, linalea na kuondoka ndani ya wiki chache. Ardhi yake hasa ni ile kavu ya katikati ya nchi, Dodoma na jirani zake, na huwafuata wenye mpunga na uwele kokote. Serikali inapambana naye kwa dawa inayonyunyizwa kutoka kwenye eropleni, mara kwa mara kwa kushirikiana na shirika la nchi zetu la kudhibiti nzige wa jangwani. Sisemi wakulima wafe njaa. Lakini dawa ile haichagui: bundi na mwewe wanaokula mizoga ya kwelea wanakufa nao.

Shida yetu huku ni kwamba kila ndege mdogo akionekana kwenye mtama anaitwa kwelea, hata kama ni kweche, hata kama ni kwera wa jikoni kwa mtu, na baada ya hapo linalofuata ni mtu kutafuta sumu dukani. Nimewahi kuona punje zilizochanganywa sumu zimemwagwa pembeni ya shamba. Waliokufa wa kwanza walikuwa kuku. Wewe sasa umevaa sare, watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi watakuuliza. Usiwajibu kwa neno moja. Waulize mdomo wake ni wa rangi gani na kiota chake kiko wapi.

Ukiwa na mgeni, basi, usikimbilie jina. Mwonyeshe kwanza kimetundikwa au kimefungwa kati ya matete, kina bomba au hakina, kiko peke yake au katika mji, mlango umetazama wapi, nyuzi ni pana au nyembamba. Mkishamaliza hapo, mtajikuta mmebakiza aina mbili au tatu kitabuni, na mtabishana kama watu wazima. Siku akitaka zaidi, mwelekeze Msitu wa Minziro, wilayani Missenyi; huko na upande wa Bukoba yupo kwera mweusi tii mwenye jicho la manjano, anayejenga mji mmoja na hawa wetu wenye kichwa cheusi, na Minziro hupita makundi ya kwera mwingine anayeonekana Uganda na kona hiyo ya Tanzania.

Kama utakaa karibu na mji wa viota, tazama pia juu. Kuna mwewe mmoja wa kijivu, mwenye uso wa manjano usio na manyoya, ambaye miguu yake inapinda mbele na nyuma. Anang'ang'ania kiota, anapigapiga mabawa kichwa chini, anaingiza mguu mlangoni na kutoa makinda. Mji mzima utampigia kelele na haujui la kufanya. Mgeni mwenye moyo mwepesi ataomba umfukuze. Usimfukuze.

Sasa lile la mkaratusi. Mjomba wako mkubwa anakusikiliza wewe kuliko anavyonisikiliza mimi, na fundi wa msumeno ameshaahidiwa. Mpigie kabla ya mwisho wa mwezi. Usimwambie habari za mayai ya buluu wala za Hispaniola, atakata simu. Mwambie tu asubiri mvua zikatike. Jike anaatamia kama siku 12, makinda yanakaa kiotani wiki tatu hivi, kwa hiyo hadi Julai mti utakuwa umetulia na barabara itakuwa kavu, lori la nguzo litapita bila kukwama, na hilo la lori ndilo litakalomwingia. Akiukata Julai sitampinga. Miche ya mgrevilea nimeshaipanda kwenye mpaka wa chini, na kwera hawa si wagumu kuhamia mti mwingine mradi wasihamishwe na mayai.

Kwenye kifurushi cha barua hii utakuta karanga za bibi yako na darubini yangu ya zamani. Kioo cha kulia kina ukungu, tumia cha kushoto.

Ni mimi,
Mjomba wako